Ukuta wa Vioo Kando ya Kinamasi

Harufu ndiyo iliyompokea kabla ya mtu yeyote. Ilikuwa ya waridi, ile ya dawa inayopulizwa vyooni, na chini yake kitu kilichooza.

Alikuwa mbunifu wa majengo. Wenzake ofisini walimpachika jina la Fundi Udongo, kwa kuwa kila alipopewa kiwanja alianza kwa kuinama, kuchota udongo na kuufinya kiganjani. Ukumbi huu wa maonyesho, uliojengwa ukingoni mwa hifadhi ya ndege, ulitoka kichwani mwake: kuta za udongo ulioshindiliwa, paa lililooteshwa majani, na nyuma ya jukwaa ukuta wa mianzi wa kupitisha upepo, pasihitajike hata feni moja. Alichora akijua kwamba wenye mahali pale ni ndege. Watu wangekuja jioni, wangetazama mchezo, wangerudi kwao.

Aliyempa kazi hiyo ni mjomba wake, mdogo wake mama, ambaye ndiye mkuu wa hifadhi. Magazeti yalimwita Mzee wa Kijani. Fundi Udongo alipojifungua, mjomba alimwambia akae nyumbani alee, mambo madogo ya kumalizia angeyasimamia mwenyewe. Naye akakaa, akalea, na leo, siku ya ufunguzi, ndipo aliporudi.

Mianzi haikuwepo. Nyuma ya jukwaa kulisimama kioo kitupu kutoka sakafuni hadi darini, kimesuguliwa hadi kimebeba mbingu yote na matete yote ya kinamasi. Alizunguka kwa nje akiifuata ile harufu. Kando ya msingi palikuwa na turubai. Alilifunua, akarudi nyuma mkono mdomoni. Ndege waliokufa, chiriku, kurumbiza, mdiria mwenye rangi zake zote, wamelundikwa kama taka za jikoni, wa chini wameshakuwa uji, wa juu bado shingo zinalegea. Siafu walikuwa wakiingia na kutoka machoni mwao.

"Shikamoo, mjomba," alisema aliposikia viatu nyuma yake. Adabu ilimtoka yenyewe, kwa mazoea.

"Marahaba, mama. Umenawiri. Mtoto hajambo?" Mjomba alikuwa ndani ya suti ya kijani, kifuani kabandika beji ya dhahabu yenye umbo la ndege.

"Hajambo. Mianzi iko wapi?"

"Nani atoke mjini kuja kutazama mianzi? Wageni wanataka kuona kinamasi wakiwa wameketi."

"Na hawa?"

"Wanajigonga. Ndege wapo wengi, mwanangu. Nimeagiza waondolewe kabla wageni hawajafika."

Fundi Udongo alitazama juu. Chini ya paa alikuwa ameacha vishubaka kwa ajili ya mbayuwayu, na sasa vilikuwa vyeupe, vimelowa. Majani ya paa nayo yaling'aa vibaya. Lilikuwa zulia la plastiki.

"Mbayuwayu walishajenga humo?"

"Tumevipiga maji. Ungetaka wakubwa wadondoshewe kinyesi vichwani?"

"Vilikuwa na makinda?"

Mjomba alitazama viatu vyake. "Sikupanda kuangalia."

Hapo hapo chiriku mmoja alikuja mbio kutoka kwenye matete, akakipiga kioo kwa mlio wa kitambaa kibichi kinachobwagwa sakafuni. Aliacha alama ya damu na unyoya mmoja. Mjomba alichomoa leso, akafuta kioo taratibu, akarudi nyuma kidogo kuhakikisha kinang'aa. Yule ndege alikuwa bado anatapatapa karibu na kiatu chake. Kisha kwa leso ile ile akajifuta jasho mdomoni, akaikunja, akaiweka mfukoni.

Fundi Udongo alihisi mate machungu yakimjaa. Aligeuka bila kuaga, akachukua ndoo ya mafundi wa rangi, akashuka kinamasini.

Aliporudi na ndoo ya tope, kiongozi wa waigizaji alikuwa jukwaani akipanga viti vya mchezo. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya radi, na kundi lake zima lilimwita Mama Jukwaa.

"Dada, unafanya nini?" aliuliza akitoka nje, alipoona tope la kwanza kwenye kioo.

"Nisipofanya hivi nitatapika." Alizamisha tena mikono, akakipaka kioo kwa nje, kiganja baada ya kiganja. Kisha akamwonyesha turubai.

Mama Jukwaa alichungulia mara moja tu. Akafunga kanga kiunoni, akawaita waigizaji wake, na mikono yote ikaingia topeni. Wengine walipanda ngazi. Wageni walipoanza kuteremka kwenye magari, hapakuwa na mbingu tena kwenye kioo.

"Umenivua nguo mbele za watu," mjomba alinong'ona akimkamata kiwiko.

"Wewe hapana. Nimekivisha kioo."

Mchezo ulianza. Jua la jioni lilipita katikati ya michirizi ya tope na kulifanya jukwaa zima kuwa la rangi ya asali. Watu waliguna kwa kupendezwa. Mwishoni walisimama, wakapiga makofi, na mjomba, ambaye pua yake haikukosea kunusa sifa, akapanda jukwaani.

"Ukuta huu wa tope," alisema, "tuliuwaza tangu mwanzo, mimi na mpwa wangu. Sanaa inayolinda ndege. Njoo, mama, wakuone."

Alipanda, tope limemkaukia hadi mabegani.

"Hatukuwaza chochote," alisema. "Kilikuwa kioo, na kimeua. Ndege wako nyuma, chini ya turubai. Anayetaka kuwaona anifuate."

Wengi walicheka wakidhani mchezo unaendelea. Wachache walimfuata. Bibi mmoja aliziba pua, akasema angalau wangewafukia, akarudi ndani kwenye vinywaji. Waliobaki kando ya lile lundo ni Mama Jukwaa na watu wake, nao ndio waliochimba shimo.

Tope halikuoshwa. Mjomba aliagiza lipakwe dawa lisibanduke, kwa sababu wageni walilipenda, na ndege wakaacha kufa. Alichokitaka Fundi Udongo alikipata, lakini kwa mkono wa yule yule aliyefuta damu kwa leso.

Wiki chache baadaye mjomba alipiga simu. Alikuwa mchangamfu. Kuna hifadhi nyingine, ukumbi mwingine, mkubwa zaidi, na wanaulizia yule mtu wa tope.

"Tafuta mwingine," alisema Fundi Udongo.

"Mwanangu, hayo si yalishapita?"

Alikata simu, akaenda kwenye sinki, akatema mate.