Taa Inayozima Ikikaribia

Baiskeli ya Isidore Karangwa ilikuwa na kila kitu isipokuwa breki ya kuaminika na mwendeshaji jasiri.

Kila asubuhi aliisukuma hadi mgongo wa mlima juu ya kijiji chao cha Karuba, akapanda, akateremka nayo upande wa pili mpaka shamba la pareto alikokuwa karani wa mizani. Suruali aliibana kwa kamba ya mgomba isiliwe na mnyororo, soksi zikaonekana na dunia nzima. Akina mama wenye majembe walimwitikia salamu kwa adabu, wakamcheka akishapita. Ng'ombe ndio hawakumpisha kabisa, naye Isidore, aliyefundishwa bwenini kwa mapadri kwamba mwanadamu amepewa mamlaka juu ya wanyama wote, alishuka akapita kando kwa unyenyekevu.

Ng'ombe aliwaheshimu, lakini hofu yake hasa ilikuwa batumbula.

Mwaka ule wa hamsini na mbili batumbula walikuwa midomoni mwa kila mtu milimani. Waliwakamata wanaotembea peke yao jioni, wakawala, na aliyekamatwa hakurudi. Hakuna aliyewahi kuwaona, jambo lililothibitisha ustadi wao.

Mchana mmoja Isidore alikuwa ameinama nyuma ya banda la kukaushia maua, akifunga dinamo mpya aliyoinunua sokoni Sake. Barthélemy, msaidizi wa dereva wa lori, akaja kumwangalia.

"Karani, unajua batumbula wanakujaka namna gani?"

"Sitaki kujua."

"Na taa. Unaona taa iko mbali, inakuja. Ikikufikia karibu, inazima yenyewe. Hapo njo mwisho. Na wakikukamata wanabeba hata sauti yako. Wanaenda kwa mulango ya mama yako: Mama, fungua, njo mie."

"Barthélemy, mi niko mukristu."

"Wakristu njo batumbula wanapenda zaidi. Wako na nyama safi."

Isidore alicheka kicheko cha mtu aliyesoma, huku akikaza skrubu mpaka karibu ikatike. Kisha akainua gurudumu la nyuma na kuizungusha pedali kwa mkono. Dinamo ikalia kwenye tairi, taa ya mbele ikawaka. Alipoacha, gurudumu likasimama, taa ikazima. Akaridhika. Kwamba mambo haya mawili, taa yake na hadithi ya Barthélemy, yalifanana kama mapacha, hakuliona. Bwenini walimfundisha kukariri. Kuunganisha kulikuwa mwaka wa mbele, naye hakuufikia.

Siku hiyo lori lilikwama matopeni, na kazi ya mizani ikamalizika jua limekwisha kuzama. Ukungu ulikuwa umelala njiani mnene kama maziwa ya mgando. Isidore alipanda mlima akisukuma baiskeli na kusali kwa Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, ingawa mtakatifu huyo alisafiri kwa miguu na hakuna anayejua alikuwa na maoni gani kuhusu breki.

Juu mgongoni alikalia kiti cha baiskeli, akaanza kuteremka kuelekea kwao. Taa ikawaka vizuri, na hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa, kwani mbele hakuona ila weupe, na nyuma hakuthubutu kutazama. Akisimama, giza. Akienda, anakwenda asikokuona. Akachagua kwenda. Macho yalitafuta taa ya mbali inayokuja, na kila alipoiona ikawa ni yake mwenyewe, imerudishwa na ukungu.

Gogo lilikuwa limelazwa katikati ya njia.

Breki ilifanya kama ilivyozoea. Isidore akaruka, akaanguka kwenye tope, baiskeli ikamlalia juu ya miguu. Taa ikazima.

"Mumeona?" sauti ikasema gizani. "Imefika karibu, imezima."

"Kata sasa."

"Ngojeni kwanza. Wako wangapi?"

Isidore aliifahamu sauti ya kwanza. Ilikuwa ya Nzabandora, jirani yao, aliyemwazima jembe wiki iliyopita. Moyo ukamrudia.

"Papa Nzabandora, mi Isidore. Mutoto wa Mama Mukashema."

Halafu akasikia watu wakirudi nyuma, na mapanga yakigongana.

"Wamekwisha kumukula," Nzabandora akasema polepole. "Sikieni. Iko na sauti yake kabisa."

Ndipo Isidore alipoelewa. Watu hawa walikuwa wametoka kumwokoa yeye. Alikuwa amechelewa, mama yake alilia, wanaume wakachukua mapanga, wakaweka gogo, wakaacha mienge nyumbani kwa sababu mtego hauwekwi na taa. Sasa hapakuwa na moto, na hakuna aliyekubali kuufuata peke yake. Watu sita walikuja kumwokoa Isidore au kulipiza kisasi chake, naye amelala mbele yao.

Akataka kuthibitisha ukristo wake. Kwa bahati mbaya, katika woga ule sala iliyomjia ilikuwa Baba Yetu ya Kilatini.

"Inasema luga yao," mtu akanong'ona.

"Inaita wenzake. Kata, Nzabandora."

"Kata wewe."

Isidore akaikatiza sala. Mguu ulio chini ya baiskeli haukusikia kitu. Kisha katikati ya pumzi za wanaume akasikia mwanamke akilia, kilio cha chinichini, kama mtu anayelia kanisani.

"Muiulize," mwanamke akasema, "mutoto wangu wamemutia wapi."

"Mama, mi njo huyu."

"Usiniite mama."

Neno hilo lilimwogopesha kuliko mapanga. Akafikiri upesi, kama hakuwahi kufikiri bwenini.

"Munyanyue kinga, hii baiskeli, huko nyuma," alisema. "Muzungushe pedali na mukono. Taa itawaka. Mi nitakaa mbele yake, mutaniona uso."

"Unataka tuguse chombo yako ili tupotee wote," Nzabandora akajibu. "Tuko wajinga?"

Hakuna aliyejongea. Panga moja likainuliwa. Isidore aliusikia mkono ukipanda.

"Mi nitazungusha," Mama Mukashema akasema. "Kama iko mutoto wangu, nitamuona. Kama haiko ye, Nzabandora, kata, usiningojee."

Alikuja akipapasa. Aliinua baiskeli upande wa nyuma, Isidore akavuta mguu, akatambaa hadi mbele ya taa, akapiga magoti. Mkono wa mama ukaipata pedali. Ikazunguka mara moja, ikakwaruza, ikazunguka tena. Dinamo ikaanza kulia. Mwanga ulitoka mwekundu, hafifu, kisha ukapanda ukamfikia usoni: uso uliojaa tope, machozi na kamasi, ambao hakuna mutumbula mwenye heshima zake angeona haja ya kuuiba.

"Iko ye?" Nzabandora akauliza.

Mama alizungusha, akatazama, akazungusha. Isidore hakuthubutu kupepesa macho.

"Sura iko yake," alisema mwishowe. "Twendeni."

Alipoiachia pedali giza likarudi, na wote kwa pamoja wakasogea nyuma hatua moja. Walishuka kijijini. Isidore alisukuma baiskeli mbele, kwa kuwa hakuna aliyetaka awe nyuma yake, na mapanga yakamfuata.

Nyumbani mama yake aliketi ng'ambo ya moto, akamsukumia sahani ya maharage.

"Kula."

Akatia mdomoni. Chumvi ilimchoma ulimi mpaka kooni, kana kwamba kopo zima limemwagwa humo.

"Mama, chumvi…"

"Watu wanasema batumbula hawakulaka chumvi," alisema mama, bila kuondoa macho kwenye midomo yake.

Nje ya mlango Nzabandora alikohoa. Hakuwa ameenda kwake bado.

Isidore akatafuna, akameza, akatafuna, hadi punje ya mwisho. Akafuta sahani kwa kidole, akakilamba mbele ya macho ya mama yake. Kisha akainyoosha sahani juu ya moto.

"Niongezee," alisema.