Jiwe la Kijani la Tsoma

Kila asubuhi nilifagia vibanzi vya mawe mlangoni mwa pango kwa tawi la kichaka, kabla watoto hawajaamka na kuvikanyaga. Asubuhi hiyo nilikuwa sijafika hata kwenye majivu, mfuko wa ngozi ukatua miguuni pangu na vumbi likanirukia usoni. Tsoma alikuwa amesimama nyuma ya mfuko, midomo imepasuka kwa jua, anatabasamu kama mtu aliyekwisha kukubaliwa.

Alitoka kwenye mlima wa mawe ya kijani, ng'ambo ya mito. Kwetu kijana akitaka binti huleta mawe, na mama wa binti huyapima. Mawe ya mtoni hayahesabiwi. Hayo kila mvivu anayaokota, nayo yanawafaa vikongwe kuvunjia mifupa wanyonye uboho. Mume anatakiwa ajue lilikofichika jiwe linalopasuka unavyotaka wewe. Na kwa kupima mawe, hakuna aliyemzidi mama yangu, Guba. Kwa ulimi pia hakuna.

Watu wakatoka. Hawakuja kuona mawe, walikuja kucheka, maana wachumba waliotangulia walikuwa wamewachekesha msimu mzima. Mjomba Kheru, ambaye tangu azaliwe anakatia nyama kwa visu vya kuazima, alikaa mbele kabisa.

Mama aliyamwaga mawe chini, akamwuliza Tsoma kama aliyachagua au yalimwangukia kichwani. Moja alilisukuma kwa kidole cha mguu: limelala juu ya ardhi likipigwa na jua, akasema, limechoka kuliko bibi yake Tsoma. Jingine lilikuwa na mshipa mweupe katikati. Hilo lingepasuka linapotaka lenyewe. Hapo alisema kweli, na Tsoma akajikuna shingo.

Likabaki moja, limefukuliwa udongoni, ngozi yake mbaya kama kigaga. Kwenye pembe lilikuwa limebanduka kidogo, na ndani lilikuwa kijani, laini kama jani lililolowa. Mama akalilaza kwenye ncha za vidole, kama inavyotakiwa, akaligonga kwa kokoto, maana jiwe zima hulia, na bovu huwa bubu.

Likalia. Sauti nyembamba, safi, ikakaa hewani. Mtoto wa shangazi aliacha kunyonya akageuka.

Mama akatikisa kichwa. "Bubu," akasema. "Umetembea kote huko, baba, ukaniletea bubu. Bora ungeleta tope."

Watu wakatazamana. Kisha mjomba Kheru akacheka, na wengine wote wakamfuata. Watu waliolisikia lile jiwe kwa masikio yao wenyewe wakakubaliana kwamba hawakusikia kitu, kwa sababu Guba amesema. Shangazi akauliza kama jiwe lilipigwa na baridi njiani likakauka koo. Mjomba akasema hata yeye asingelipokea, yeye ambaye hajawahi kuletewa jiwe na mtu yeyote.

Tsoma alianza kurudisha mawe mfukoni. Watu wake walikuwa wanahamia pwani kuokota kome wa kula kabla ya mvua. Akiondoka bila mimi, asingerudi. Nilijua hivyo, na ulimi wangu ulikuwa mzito kama kawaida yake.

Nikamtazama mama. Hakuwa anacheka na wenzake. Alikuwa anaangalia midomo yao, mmoja baada ya mwingine. Nikakumbuka ndege wadogo wa alfajiri, ambao siku hizi hawamwamshi. Nikamkumbuka mdogo wangu akilia mgongoni mwake, naye anaendelea kuchonga mpaka nimguse bega. Na wachumba wote wale, kila mmoja alileta bubu.

Nikalichukua jiwe mkononi mwa Tsoma, nikapiga magoti mbele ya mama, nikiwapa watu mgongo. Nililifunika kwa kiganja, nikainua kokoto na kuishusha, nikaizuia kabla haijagusa.

"Bubu," mama akasema, kwa dharau ile ile. "Nimeshasema."

Sikutaka wengine wasikie. Nikamwambia kwa midomo tu, bila sauti, "Mama, sijaligonga."

Aliyasoma maneno. Niliona yanamfika. Angeweza kunifukuza, na watu wangecheka tena. Nyuma yangu mjomba Kheru alikuwa bado anaeleza jinsi yeye angelichagua jiwe.

Mama akamwambia anyamaze. Akalichukua jiwe, akapitisha kidole gumba kwenye ile pembe ya kijani, polepole. Kisha akasema kwa nguvu, kama wanavyosema watu wasioisikia sauti yao wenyewe:

"Mawe yenu hayana kosa, Tsoma. Si hili lako, wala ya wale wengine. Mimi ndiye nisiyesikia tena yanapolia. Niliogopa mkijua mtanipa kokoto za mtoni, nikavunje mifupa pamoja na vikongwe."