Vikombe Vilivyooshwa Mara Mbili

Tangu mama mkwe ahamie kwa mwanawe, msusi hakuwahi kuosha kikombe kikaoshwa mara moja tu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda saluni, aliosha vyombo vya chai, akavisuuza kwa maji ya moto na kuvipanga mezani. Akigeuka tu, mama mkwe amechukua viwili vitatu, amevirudisha katika beseni la kusuuzia, anavizungusha humo taratibu, kana kwamba uchafu wake unabembelezwa. Neno hasemi. Afadhali angesema.

Msusi alijua kusoma watu, au ndivyo alivyojisifu. Kuoshewa vikombe vilivyo safi maana yake nini, kama si kuambiwa wewe mchafu? Kule saluni aliisimulia habari hiyo na kuitia chumvi. Vichwa vya wateja vilikuwa mikononi mwake, lakini midomo yao ilikuwa huru.

"Akufukuzaye hakwambii toka," mmoja alisema, shingo kaiinamisha. "Anaanza na vikombe, shoga yangu. Atamalizia na ndoa."

Maneno hayo yakamkaa. Kesho yake, alipomaliza kusuuza, aliyamwaga maji yote na kulifudikiza beseni. Mama mkwe alikuja jikoni, akalitazama, akarudi chumbani kwake. Msusi akaenda kazini kifua mbele.

Kuanzia hapo kila kitu kikawa ushahidi. Mama mkwe akiangusha kijiko, ni hasira. Akiiacha chai ipoe bila kuigusa, ni kiburi. Kikombe kilipomponyoka kikavunjika, msusi aliokota vigae akiwa na hakika kwamba amekusudia.

"Mama yako hanitaki," alimwambia mumewe.

Mume, mtu wa kupenda amani kuliko kujua, alijibu kwamba mama ni mtu mzima, avumiliwe tu.

Haikuhitajika kuvumilia sana. Mama mkwe mwenyewe alisema anataka kwenda kukaa kwa binti yake. Msusi alijifanya kusikitika, na kujifanya alikuweza.

Asubuhi ya safari, mume akiwa nje anapakia mizigo garini, mama mkwe alimwita msusi chumbani. Alikuwa ameketi kitandani, gauni limeachama kifuani.

"Nisaidie vifungo, mwanangu. Vidole vimegoma."

Msusi akapiga magoti mbele yake. Vidole ndivyo vinavyomlisha. Vya kwake vikifa ganzi, hana kazi. Siku nzima hushughulika navyo. Lakini hivi vya mama mkwe, vilivyovimba kwenye viungo na kukakamaa kama vimeshika kitu, ndiyo kwanza anaviona.

"Vimekuwa hivi tangu lini, mama?"

"Si unajua? Ni asubuhi tu, mpaka jua likolee. Ndiyo maana ulikuwa ukiniachia yale maji ya moto." Mama mkwe akatabasamu. "Vile vikombe nilikuwa navisingizia tu, mume wako asije akaona akaanza kunihangaisha na hospitali. Lakini wewe uliona bila kuambiwa. Hata wifi yako nilimwambia, mkwe wangu hasemi, anatenda."

Aibu ilimpanda msusi mpaka kifungo kikamtoka mkononi.

"Ulipoanza kuyamwaga, nikajua nimekuchosha," mama mkwe aliendelea kwa upole. "Akufukuzaye hakwambii toka. Wala sikulaumu. Umenivumilia sana."

Methali ile ile. Kule saluni ilikuwa umbeya mtupu. Humu chumbani ilikuwa kweli, na mfukuzaji alikuwa amepiga magoti anashika vifungo.

Msusi aliinuka akaenda jikoni. Alichemsha maji, akayachanganya na ya baridi mpaka mkono ukayavumilia, akaleta beseni na kuliweka kwenye kigoda. Mikono ya mama mkwe ikazama humo, naye akafumba macho. Msusi angeweza kunyamaza. Sifa ilikuwa yake tayari, imeshafika hadi kwa wifi. Lakini sifa ile ilimchoma kuliko tusi.

"Mama, yale maji sikukuachia. Yalikuwa yanabaki tu. Nilidhani unaniona mchafu, ndiyo maana nikayamwaga."

Mama mkwe akafumbua macho, akamtazama.

"Kumbe," alisema.

Nje honi ililia, na hakuna aliyeitikia.

"Na haya?" aliuliza baadaye.

"Haya nimekuletea wewe. Usiende, mama."

Mama mkwe aliiacha mikono yake ndani ya beseni mpaka maji yakapoa. Kisha akaifuta, akafunga vifungo vyake mwenyewe, kimoja kimoja, akamwita mwanawe aje kuchukua begi la mwisho alipeleke garini.