Pikipiki ya Mwosha

Nana aliyasema yale huku akichovya mkate wa mofa kwenye mchuzi, kwa sauti ile ile ambayo mtu huombea chumvi.

"Abdulbasit keshakwenda zake Doha. Sasa ni wewe utakayenipakia."

Nilidhani anasema na mtu mwingine. Nikageuka. Nyuma yangu palikuwa na jokofu.

"Kukupakia wapi, Nana?"

"Kwenye pikipiki, Mahira. Ama wataka nilipande jokofu?"

Kipande cha mkate kilinianguka mkononi. Mimi ni mwalimu wa chekechea. Watu ninaoweza kuzungumza nao bila kutetemeka ni wale ambao hawajatimiza miaka sita. Nilipomaliza chuo, siku ya kupokea cheti niliugua tumbo kwa sababu ya kuitwa jina mbele za watu. Na sasa bibi yangu, mamake baba, alikuwa akiniambia niendeshe chombo ambacho kila kikipita mtaani watu wote huinua vichwa.

Nana alikuwa mwosha. Mwanamke akifariki pale Mji wa Kale, kilio hakijafika hata nyumba ya tatu, mtu keshatumwa kubisha mlango wa Bi Swabaha. Lakini kichochoro chetu hakipitishi gari wala tuktuk, na magoti yake yalikuwa hayawezi tena kumfikisha barabarani. Kaka yangu Abdulbasit ndiye aliyekuwa akimpakia kutoka mlangoni hadi mlango wa wafiwa. Alipopata kazi Arabuni aliiacha pikipiki yake ukumbini, imeegeshwa kando ya ngazi. Boda za mtaani zilikuwapo tele, ila Nana hakutaka kuzisikia.

"Nimkumbatie kijana wa watu kiunoni, kisha nikamwoshe maiti? Kwa mikono gani?"

"Lakini Nana, waosha wengine wapo."

"Wapo. Kwa watu wengine watatosha. Kwa Fairuz hawatoshi."

Jambo la Bi Fairuz kila mtu nyumbani alilijua. Walisoma Kurani chuo kimoja tangu utotoni, na kazi ya kuosha walifunzwa na mwalimu mmoja. Bi Fairuz aliolewa Majengo, Nana akabaki huku, na wakawekeana ahadi: atakayetangulia ataoshwa na mwenzake. Na ilikuwa wazi ni nani atakayetangulia. Bi Fairuz alikuwa na maradhi ya moyo, alikuwa na sukari, na tangu mfungo uliopita alikuwa hatoki kitandani.

"Siku simu ya Majengo ikilia," Nana alisema, "watamzika Adhuhuri hiyo hiyo, nami niko hapa nimeshika ukuta. Nikikutana naye huko nitamwambia nini? Kwamba mjukuu wangu ana haya?"

Akaendelea na mchuzi wake.

Ilinichukua muda kumwomba Beverly anifunze, na hata hapo nilimwandikia ujumbe, sikuthubutu kupiga. Beverly anakaa Buxton. Anaendesha boda, na mwanawe yuko darasani mwangu. Alinijibu kwa maneno mawili: "Ticha! Wewe?"

Alinipeleka Kizingo, kwenye barabara pana zenye miti na nyumba za wakubwa wa serikali, ambako walioko nje asubuhi ni walinzi wa mageti tu. Nilidhani pikipiki huanza polepole kama baiskeli. Hakuna aliyenionya kwamba mnyama yule huanza kwa kuruka. Niliiachia klachi mara moja, ikachupa mbele kama mbuzi aliyeona kisu, ikajitupa kwenye ua wa maua wa mtu mkubwa. Mimi nilikuwa bado nimesimama katikati ya barabara, miguu imepanuka, mikono imeshika hewa.

Mlinzi wa nyumba ile, Menza, alitoka kibandani mwake taratibu.

"Dada," alisema, "mbona yenyewe imekwenda na wewe umebaki?"

Beverly alikaa chini kwa kicheko. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Kisha akaja akakamata pindo la buibui langu, kicheko kimemwisha.

"Ticha, nisikize. Hili likiingia kwenye cheni litakuangusha. Ama litakuvua, hapa mbele ya serikali nzima."

Nilirudi nyumbani nikijua mambo yameisha, kwa kuwa mimi buibui sivui. Nana alilitazama pindo, akaomba sindano. Alilishona miguuni likawa kama suruali pana, na juu akaacha kitambaa kifunike kila kitu, hata ukinitazama hujui. Macho yake hayakuwa mazuri, lakini mishono yake ilikuwa ya mtu aliyeshona sanda maisha yake yote: mirefu, iliyonyooka, bila fundo.

Baada ya Magharibi tulikuwa na mafunzo yetu wenyewe. Pikipiki ilisimama ukumbini juu ya stendi, injini imezimwa. Mimi nikikaa mbele, Nana akipanda nyuma kwa kukanyaga kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akanishika kiuno. Sijui kama nitaweza kuieleza mikono ile. Ilikuwa imara, na haikukukamata kama inayoogopa.

"Haya. Tumetoka. Hapa ni Marikiti. Funga breki, pana mkokoteni!"

Nilifunga breki.

"Umeshamgonga. Rudi nyuma umwombe radhi."

Siku ya kwanza niliyopita na pikipiki mbele ya baraza la wazee, nilitamani kuwa kipofu. Mzee Athmani aliweka kahawa chini.

"Mahira! Chaki na pikipiki, wapi na wapi?"

"Mwache," akasema mwenziwe, Mzee Ubaid. "Afadhali yeye. Abdulbasit alikuwa akitupitia kama jini. Bi mdogo, sisi tukifa utatupakia pia?"

"Wewe ukifa utakwenda kwa miguu," Mzee Athmani alimwambia, na baraza zima likacheka. Nilipofika mwisho wa kichochoro niligundua kwamba nami nilikuwa nacheka, na kwamba nilikuwa bado juu ya pikipiki.

Lakini Beverly hakuwa mtu wa kubembeleza. "Kizingo umeweza," aliniambia. "Digo Road bado. Na abiria, ticha, abiria bado kabisa. Usinifanyie mambo."

Nikamwambia Nana kwamba bado. Akasema basi Fairuz angoje kidogo, na tangu hapo kila Mbeyu, mkaza mwana anayemtunza Bi Fairuz, alipopiga simu kutoka Majengo, sote tuliacha kupumua mpaka tusikie ni salamu tu.

Asubuhi ile ilikuwa Jumanne. Nilikwenda kumwamsha Nana kwa sala ya Alfajiri, jambo ambalo lilinishangaza lenyewe, kwani siku zote yeye ndiye huniamsha mimi. Alikuwa amelala ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu. Nilimwita. Nikamwita tena, kwa sauti yangu ya darasani. Kisha nikamgusa mguu.

Nakumbuka nilisema, "Hapana, Nana, si wewe." Niliyasema kama mtu anayemsahihisha mtoto.

Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Nyumba ilijaa. Ami Zein, ndugu mdogo wa marehemu baba, alifika na kanzu yake, akapiga simu zote, akapanga yote: atazikwa baada ya Adhuhuri. Waosha wawili kutoka Kuze walikuja. Walileta majani ya mkunazi na kafuri. Nilikuwa nimekaa chini ukumbini, mgongo umeegemea gurudumu la pikipiki, nikisikia maji yakitiwa kwenye ndoo. Ndipo nikashtuka kwa mara ya pili.

Tulikuwa tumeishika ahadi ile kwa ncha moja. Miezi yote ile, simu zile, mafunzo yale ukumbini, hakuna aliyewahi kuigeuza aione upande wa pili.

Nilisimama. Kulikuwa na watu wengi, wanawake hadi ngazini, na Ami Zein mlangoni na wanaume nyuma yake.

"Msimwoshe," nilisema.

Kila mtu alinitazama. Walikuwa wengi kuliko siku ya cheti.

"Bi Fairuz ndiye atakayemwosha. Nakwenda kumleta."

"Mahira, mwanangu," Ami Zein alisema kwa upole, "Bi Fairuz hata kukaa hawezi. Hebu tulia. Huu ni mshtuko."

"Ndiyo, Ami, ni mshtuko. Lakini msimwoshe."

"Basi mpigie Mbeyu simu umuulize kwanza."

"Mgonjwa wa moyo apewe habari hii kwa simu?"

Yule mwosha mkubwa wa Kuze alitoka chumbani akijifuta mikono.

"Mwache ende," alisema. "Swabaha mwenyewe alitwambia habari ya ahadi hiyo. Tutangoja. Lakini maiti hangojeshwi sana, mwanangu. Adhana ikikaribia, sisi tutaanza."

Njia sitaisimulia maana sikuiona. Najua kwamba katikati ya Digo Road injini ilinizimikia. Nyuma yangu matatu zililia honi zote kwa pamoja. Mtu wa mkokoteni alinipigia kelele, "Dada, kama wajifunza, jifunzie kwenu!" Niligeuka kumtaka radhi, na sijui aliona nini usoni mwangu. Aliutua mkokoteni wake wa viazi, akausimamisha mbele ya magari kwa upana, akainua mkono. "Washa," alisema. "Pole pole. Washa." Ikawaka.

Majengo, kitanda cha Bi Fairuz huwekwa ukumbini karibu na mlango apate upepo. Alinisikia kabla hajaniona.

"Mbeyu! Hiyo si pikipiki ya Abdulbasit? Swabaha amekuja!"

Nilisimama mlangoni. Alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto, mdogo kama mtoto, anacheka. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu.

"Mwenyewe yuko wapi? Umemshusha wapi?"

Tangu Mwembe Tayari nilikuwa nikiyapanga maneno. Yalikuwa maneno mazuri. Sikupata hata moja.

"Nimekuja kukuchukua, Bi Fairuz."

Alikitazama kiti cha pikipiki, kilivyokuwa kitupu.

"Mimi?"

"Wewe."

"Lakini mimi ndiye mgonjwa," alisema.

Mbeyu aliangusha ufagio.

"Mimi ndiye mgonjwa," Bi Fairuz alirudia, akimgeukia Mbeyu, kama aliyekuwa akitaka shahidi. Kisha akasema inna lillahi mpaka mwisho, na baada ya hapo, wallahi, alikasirika. "Swabaha huyu! Tangu chuoni hajui kungoja zamu. Mbeyu, nipe buibui langu."

"Mama, hata kwenda chooni washikwa!"

"Basi nishike."

"Na ukianguka njiani? Na moyo ukisimama?"

"Mtaosha wawili kwa maji mamoja. Nipe buibui, Mbeyu. Jua lapanda."

Tulimbeba pamoja tukamweka nyuma yangu. Mikono yake haikuwa na nguvu ya kunishika. Niliiona ikiteleza mara mbili. Mbeyu alisimama akilia, akaingia ndani, akatoka na leso zake zote mbili. Akamfunga kwangu kama mtoto mgongoni, leso moja kwapani, nyingine kiunoni, akakaza mafundo kifuani mwangu hadi nikakosa pumzi. Kisha akasimamisha boda ije nyuma yetu, akapanda bila kuuliza bei.

Kwa hivyo abiria wangu wa kwanza alikuwa hivyo. Sikuhisi uzito. Nilihisi pumzi yake shingoni, moto, na kila ilipokawia kuja mimi nilisema, "Bi Fairuz?" naye akajibu, "Nipo. Tazama mbele."

Njia nzima aliniambia maneno mawili mengine tu. Penye msongamano wa Marikiti alisema, "Pole pole." Halafu, tulipoanza kuteremka kuelekea kwetu, akasema, "La. Kimbia." Mgongo wa buibui langu ulikuwa umelowa machozi yake.

Baraza lilikuwa limejaa wanaume wanaongoja jeneza. Walipotuona, wawili katika mmoja, Mzee Ubaid alisimama, wengine wakasimama naye, wote wakageuza nyuso ukutani mpaka wanawake walipomaliza kutufungua.

Adhana ilikuwa bado. Walimkalisha Bi Fairuz kwenye kigoda kando ya kitanda cha kuoshea, na mimi, ambaye sijawahi kuingia chumba cha maiti, nilijikuta ndani, kwa kuwa alikuwa hajauachia mkono wangu. Nana alikuwa amefunikwa shuka nyeupe. Bi Fairuz alichukua kopo la maji akajaribu kuliinua. Maji yakamwagika yote mapajani mwake. Waosha wa Kuze walisogea.

"Hapana," alisema. "Mahira, nishike kiwiko."

Nilimshika. Mkono ulikuwa mwepesi kama wa mwanafunzi wangu ninapomfunza kuandika alifu. Tuliliinua kopo pamoja. Alikuwa akimnong'onezea mwenzake, sauti chini, kama watu walioachwa peke yao: kwamba haya, umenitangulia, umeona raha sasa, kwamba mjukuu wako aendesha vibaya, kwamba nimekuja. Kisha akatia nia, akaanza kumwosha upande wa kulia.