Jicho la Kulia la Fundi Dakika

Wateja walimwita Fundi Dakika kwa sababu kila aliyeuliza saa yake itakuwa tayari lini alijibiwa, "Dakika mbili tu," hata kama ni wiki mbili. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa duka la nguo. Kwa miaka thelathini alikuwa akibana lenzi yake nyeusi ya kukuzia vitu vidogo kwenye jicho la kulia, bila kamba wala waya, kwa misuli ya uso peke yake.

Asubuhi moja alisukutua mdomo, maji yakamtoka pembeni. Akarudia, yakatoka tena. Mkewe alimtazama, akaweka chini sufuria aliyoshika. Uso wa mumewe ulikuwa umelala upande wa kulia: shavu limeshuka, jicho halifumbi.

"Hebu sema kitu."

"Niseme nini?" Maneno yalitoka yameloa.

Hospitalini daktari alimpima mikono na miguu, akasema si kiharusi, ni mshipa wa fahamu wa uso umevimba. Akampa vidonge, matone ya jicho, na karatasi ya kwenda chumba cha mazoezi.

"Lakini miguu yangu ni mizima," alisema fundi.

"Mazoezi ya uso, mzee."

Chumba kilikuwa na meza, viti viwili na kioo kikubwa. Mtaalamu alikuwa dada mmoja wa umri wa kitinda mimba wake. Alimfundisha kunyanyua nyusi huku akizisaidia kwa kidole, kufumba jicho polepole, kuchongoa midomo kama anayepuliza makaa, kujaza hewa mashavuni, kisha kutamka pa, ba, ma. Kila zoezi mara tano, asubuhi, mchana na jioni.

"Na lenzi nitaibana lini?"

"Chai kwanza, baba. Ukinywa chai isimwagike, tutaongea habari ya lenzi."

Chai ilikuwa tatizo kweli. Nyumbani alikuwa amegeuza kiti, anakula akiangalia ukuta, kitambaa mkononi, na mkewe akajifanya haoni. Shemeji yake alipowaita chakula cha mchana, fundi alisema ana homa.

Mara tano aliziona mchezo wa watoto. Kule kibandani alikunja uso kwa nguvu zote, mara mia kwa siku, akiisukuma lenzi jichoni mpaka ngozi ikawa nyekundu. Baada ya miezi mitatu jicho lilianza kufumba. Alifurahi, mpaka mkewe alipomwambia, "Kila ukifumba jicho, mdomo nao unapanda."

Wakarudi wote wawili hospitalini. Mtaalamu alimkalisha mbele ya kioo, akamwambia afumbe, afumbue, afumbe tena.

"Baba, umekuwa ukikaza."

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mara mia," mkewe alidakia. "Mwenye duka la nguo anamsikia akiguna."

Mtaalamu hakugomba, ingawa fundi angependa agombe yaishe. Alieleza kwamba mishipa inapoota upya huweza kupotea njia, na ukiikazania, jicho na mdomo vinazoea kwenda pamoja. Sasa ilibidi kuvitenganisha, na kazi hiyo ingechukua muda mrefu kuliko ya kwanza.

Akapewa zoezi la kutabasamu kidogo, kiasi cha kuonyesha ncha ya jino, huku jicho likibaki wazi. Kila jioni mkewe alikaa mbele yake kumwangalia.

"Usinichekeshe."

"Sijasema kitu."

"Huo uso wako."

"Uso huu uliuposa mwenyewe, hukulazimishwa."

Mwezi wa nane tangu augue walikwenda kwa shemeji. Fundi alikula, akaongezwa, akanywa chai vikombe viwili, na shati likabaki kavu. Njiani kurudi mkewe alizungumzia bei ya viatu, naye akamwitikia mpaka nyumbani.

Siku ya mwisho mtaalamu alimwambia apige mluzi. Ulitoka mwembamba, lakini ulitoka. Mdomo bado ulivutika kidogo akipepesa jicho, kiasi kwamba mwenye duka la nguo alikuwa akimtania kuwa anakonyeza wateja.

"Jaribu lenzi," mtaalamu alisema.

Akaibana. Ilikaa mpaka hesabu ya nne, ikamdondokea kiganjani. Akajaribu tena, ikafika sita.

"Huenda isirudi kama zamani, baba. Sitaki kukudanganya."

"Sawa," alisema fundi, akaitia mfukoni.

Wiki ile alinunua lenzi ya waya wa kuvaa kichwani, ile ile aliyowahi kuwacheka mafundi wenzake kwa kuivaa. Siku mbili za kwanza waya ulimkata nyuma ya sikio. Siku ya tatu aliuzungushia kipande cha kitambaa, akafungua mgongo wa saa iliyokuwa mezani, akaendelea na kazi.