Bunduki ya Waya wa Shaba

Shemeji yangu Hizam mdomo wake hauna breki. Harusini, mbele ya wanaume waliopanga mstari na bunduki mabegani, alimwona jirani yake, mzee Mukbil, kaja na jambia kiunoni tu. Basi huyo!

"Ami Mukbil, bunduki yako iko wapi leo? Umeibadilisha na fimbo?"

Watu wakacheka. Na bunduki aliyoibeba yeye ilikuwa yangu, nimemwazima! Hana hata haya.

Mukbil aliwapa mgongo. Alikwenda zake akauziba mfereji unaopitisha maji shambani kwake kwenda kwa Hizam. Mirungi ya Hizam ikaanza kunyauka, na dada yangu Takia, mkewe, akawa hali wala halali. Wazee wakaamua: umemvunjia mtu heshima hadharani, kamwekee bunduki miguuni. Tena iwe yako, si ya kuazima.

Takia akauza mbuzi wake, pesa akanikabidhi mimi. "Kaka, huyo usimpe hata riali. Na mkirudishiwa, iuzeni. Nawataka mbuzi wangu." Maana kwetu muungwana akiwekewa bunduki huigusa, husamehe, kisha humrudishia mwenyewe papo hapo.

Sokoni, Hizam alikwenda moja kwa moja kwenye kalashinikovu inayong'aa. Jubran, mwenye duka, alipotaja bei, nilimvuta shemeji mkono tukahamia upande wa wenye dhiki. Ya kwanza ilikuwa ya kupigia ndege. "Ukimpelekea hii," nikamwambia, "atajua unamtania tena." Ya pili mtutu umeliwa na kutu. Mwisho Jubran akatoa simonovu, bunduki ya Kirusi ya zamani.

"Hii inajijaza yenyewe. Kila ukivuta kidole, risasi moja."

"Moja moja?" Hizam akang'aka. "Wanaume wataniona nani?"

"Wewe unakwenda kuomba radhi, huendi vitani!" nikamkemea. "Nyamaza."

Nilichungulia mtutu, ulikuwa safi. Kitako kilikuwa na ufa, kimefungwa waya wa shaba, mzunguko juu ya mzunguko, kwa mkono wa mtu mwenye subira. "Waya huu," nikamwambia Jubran, "unashusha bei." Tulibishana mpaka chai ikapoa, akashusha.

Siku ya suluhu Hizam aliiweka miguuni pa Mukbil mbele ya wazee. Mukbil akainama kuigusa. Mkono wake ukafika kwenye waya, ukabaki hapo. Kidole kikaufuata waya mpaka mwisho ulipokunjwa, bila yeye kutazama. Watu wakasubiri.

"Mbona harudishi?" Hizam akaninong'oneza, na mnong'ono wake ni kama adhana. Nikamfinya paja.

Hapo nikakumbuka. Mkewe Mukbil alikuwa ametoka hospitali karibuni, na hakuna aliyemuuliza mzee pesa za matibabu alizitoa wapi. Ewe Mola, tumemletea bunduki yake mwenyewe!

Mukbil akainua uso. "Nimesamehe," akasema. "Chukua bunduki yako, mwanangu." Akaisukuma, lakini vidole havikuiachia.

Nikamtazama Hizam. Alikuwa anavitazama vile vidole juu ya waya. Akafungua mdomo. Nikafumba macho, nikajua tumekwisha.

"Siitaki, ami," akasema kwa sauti kubwa. "Mbovu hii. Inaniumiza bega. Kaa nayo wewe."

"Mbovu?" Mukbil akaruka juu. "Hii? Wewe ndiye hujui kuishika! Bunduki inashikwa hivi, mpumbavu wee!" Akaitupia begani, ikakaa pale kama haijawahi kuondoka. Wazee wakaangua kicheko. Mimi machozi yalinitoka, na si ya kucheka.

Tulipofika nyumbani, Takia alikuwa amesimama mlangoni. "Bunduki iko wapi? Na mbuzi wangu?" Hizam akamwonyesha mfereji. Maji yalikuwa yanashuka. Alitutukana mpaka usiku, na Hizam hakumwambia kitu.

Harusi iliyofuata nilikataa kumwazima yangu, akaja na fimbo ya kuchungia. Mukbil alikuwa mbele ya mstari, simonovu begani, waya umesuguliwa unang'aa. Akamwona.

"We Hizam! Bunduki yako iko wapi leo? Umeibadilisha na fimbo?"

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Nikamgeukia shemeji, nikisubiri ule mdomo.

"Ndiyo, ami," akasema, akainamisha kichwa.