Debe Lililolala Kwangu

Watu wakianza kunisifu kwa habari ya ile mashine, huwa nabadilisha mazungumzo. Leo sibadilishi, maana nimechoka kusifiwa.

Mwaka 1954 nilikuwa dereva wa mashine ya kukatia nyasi kwenye shamba la chai karibu na Igowole. Ilikuwa mashine kuukuu, ya kukalia, yenye kiti cha chuma, na kazi yake ilikuwa uwanja wa michezo wa Wazungu. Wenzangu wote walikata nyasi kwa fyekeo, wameinama. Mimi Isakwisa, Mnyakyusa wa kuja, nilikata nimekaa. Nilivimba kichwa mpaka kofia ikanibana.

Mwezi wa sita baridi ikaingia, ile ya Mufindi inayoacha nyasi nyeupe asubuhi, na mashine ikagoma kuwaka. Nilisugua plagi kwa waya, nikaipasha kwenye makaa, nikaifunga ingali moto. Nikafunga choki ya hewa, nikaifungua. Nilizungusha hendeli mpaka bega likaniuma. Ilikohoa, ikatoa moshi kidogo, ikanyamaza. Mpaka jua lipande ndipo iwake, na Bwana Meneja alikuwa akichungulia saa yake.

Nikaamua kwamba ubaya ni petroli kulala kwenye baridi. Ufundi wangu wote ukaishia hapo! Kila jioni nilipewa debe la petroli ya kesho, na amri ilikuwa debe lisitoke bandani, kwa kuogopa moto. Mlinzi wa banda alikuwa Kalinga, Mhehe mpole mwenye koti la jeshi. Nikamwendea.

"Ndugu yangu, nisitiri. Nataka debe likalale kwangu, kwenye joto. Alfajiri narudisha."

"Mzee, mimi sijaona kitu," alisema, akanisaidia kulificha ndani ya gunia.

Mke wangu Damari alikataa lisiingie jikoni. "Unataka kutuchoma, Baba Yotamu?" Basi nikaliweka nje, limeegemea ukuta wa jiko, pale ukuta unapopata moto wa mafiga. Kifuniko kilikuwa kimepotea siku nyingi, nikaziba kwa gunzi la mahindi.

Siku ya tatu nikalikuta limehamishiwa chini ya ghala. Nikalirudisha ukutani. Kesho yake limehama tena. Nikamgombeza Damari.

"Si mimi," alisema. "Ni mkwe wako. Anasema mvuke wa jiko unapanda kwenye bati, usiku unadondoka juu ya debe."

Mkwe huyo ni Tupokigwe, mchuma chai wa shamba lile lile, mke wa mwanangu Yotamu aliyekuwa kwenye machimbo ya dhahabu Chunya. Kwetu mkwe na baba mkwe hawaonani uso wala hawasemeshani. Akisikia nakohoa, anapita nyuma ya nyumba. Kanisani tulikuwa tumeambiwa miiko hiyo tuilegeze, nami nilikuwa nimeilegeza pale iliponifaa tu.

"Mwambie afagie uwanja," nilimjibu Damari. "Mashine aniachie mimi."

Mashine ikazidi kugoma. Ijumaa moja, kesho yake Wazungu wana mchezo, haikuwaka hata jua lilipopanda. Nyapara wetu Marcelino akaja mwenyewe. Akafungua kikombe cha kabureta, akakimwagia kiganjani. Chini ya petroli kulikuwa na matone ya maji, yanabingirika kama ushanga.

"Maji!" alisema. "Mtu anauza petroli, anajazia maji. Nani analala na debe hili?"

Wote wakamgeukia Kalinga. Kalinga akanigeukia mimi. Nilikuwa nimemwomba anisitiri, naye alikuwa bado ananisitiri, ananingoja nijitoe mwenyewe. Nikatazama viatu vyangu. Nilikiona kile kiti cha chuma kinaondoka, nikafunga mdomo. Mtu mzima, mwenye wajukuu!

Wanawake wa kuchuma chai walikuwa pembeni wakingoja vikapu. Mmoja akatoka mstarini, kitambaa cha kichwa kimemdondoka, akasimama mbele yangu kabisa.

"Debe halilali hapa," alisema. "Linalala kwetu, nyuma ya jiko. Maji ni ya bati. Msimfukuze huyu."

Sauti ile nilikuwa siijui. Miaka miwili tumekaa kiwanja kimoja na mkwe wangu, na siku hiyo ndiyo niliyoisikia.

Nikavuta koti nikajifunika uso, nikakimbia. Niliingia katikati ya chai, matawi yakinichana, na nyuma yangu nikasikia watu wakicheka bila ubaya: "Wanyakyusa na wakwe zao!" Waliona ni heshima. Mimi nilijua nakimbia nini.

Damari ndiye aliyenieleza yaliyobaki. Neno la kibarua mwanamke Marcelino hakulipima. Alimuuliza Kalinga, naye akajibu, "Aulizwe mzee Isakwisa." Mzee Isakwisa alikuwa amechuchumaa kwenye chai. Kabla ya saa sita Kalinga alifukuzwa kama mwizi, akapanda lori la kwenda kwao Ilula.

Jioni nilirudi bandani, nikamimina mabaki ya debe lile kwenye beseni. Maji yalikuwa yamekaa chini, dhahiri kabisa. Jumamosi nikatia petroli iliyolala bandani, kwenye baridi ile ile. Jua lilipopanda, hendeli ya pili, ikawaka. Meneja akanipigia makofi. Nilikata uwanja wote huku natamani ardhi inimeze, kisha nikamwendea Marcelino nikamweleza.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Nilimkimbia mkwe. Ndiyo desturi yetu."

"Hata kwetu wakwe tunawaheshimu," alisema. "Lakini wewe jana hukumkimbia mkwe."

Akaniambia kiti kimekwisha, nitachukua fyekeo, na Jumatatu nitasema mbele ya watu wale wale, mkwe wangu akiwepo.

Jumatatu nilisimama. Tupokigwe alikuwa amejificha nyuma ya wenzake, amejifunika mpaka machoni. Mimi sikujifunika.

"Kalinga hakuiba," nilisema. "Debe lililala kwangu. Mkwe wangu alisema kweli, na mimi nilimsikia."

Wakachukua vikapu vyao. Watu wote wa shamba walisikia, isipokuwa Kalinga.